Isiolo: biashara zimefungwa, kuta zimebaki

Wale mliokuja kutafuta mambo ya Python mnivumilie leo. Msimbo upo, ila ni kidogo na uko huko chini. Leo nataka kuzungumzia mji wetu wa Isiolo, na hasa biashara ambazo hazipo tena na majengo ambayo bado yamesimama. Nadhani mtaona wenyewe kwa nini jambo hili limemshika mtu anayeshinda mbele ya kompyuta.

Kwa asiyeufahamu mji huu: uko takriban kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi, pale Mlima Kenya unapoishia na nyika inapoanza. Ukitoka Nanyuki au Meru unateremka, unateremka, joto linakupokea, halafu umefika. Kwa miaka mingi lami nayo iliishia hapo hapo. Mwisho wa mji upande wa kaskazini palikuwa na kizuizi cha polisi, na mbele yake barabara ya changarawe na mavumbi mpaka Moyale, mpakani na Ethiopia, mwendo wa kilomita 500 hivi. Watu wa kaskazini walikuwa na usemi wao: anayesafiri kwenda Nairobi, walisema anakwenda Kenya.

Kwa muda wa mwaka mmoja hivi, Jumamosi baada ya Jumamosi, nimekuwa nikiorodhesha biashara zilizofungwa katika barabara kuu na vichochoro vyake. Kila nikiongeza moja naona jambo lile lile. Biashara nyingi zilizokufa Isiolo ziliishi kwa sababu kuna mtu au kitu kilichokuwa kimesimamishwa. Ng'ombe wamesimamishwa, lori limesimamishwa, mkimbizi amesimamishwa, pesa na ujumbe vimekwama vikisubiri basi. Kusimama kulipokwisha, mlango ukafungwa. Jengo halikuwa na pa kwenda.

Tuanze na ng'ombe, maana mji wenyewe ulianza nao. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliweka kituo cha karantini ya mifugo hapa. Walowezi wa Laikipia na Nanyuki waliogopa magonjwa kutoka kaskazini, hasa homa ya mapafu ya ng'ombe. Kwa hiyo mifugo iliyoswagwa kutoka pande za Wajir, Garba Tula na Marsabit ilisimama Isiolo, ikapimwa, ikakaa wiki na hata miezi kabla ya kuruhusiwa kuuzwa kusini. Sasa fikiria: mwenye ng'ombe amekaa miezi miwili mahali asipo na nyumba. Atahitaji chai, sukari, nguo, kamba, tumbaku, mahali pa kulala na mtu wa kumwandikia barua. Hapo una mji. Wasomali waliowahi kuwa askari wa Waingereza walipewa nafasi ya kukaa hapa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wengi wao wakashika biashara ya mifugo. Wahindi na Waarabu wakafungua maduka.

Na si ng'ombe pekee waliozuiliwa. Kwa sheria za 1902 na 1934 wilaya za kaskazini zilifungwa: huingii wala hutoki bila kibali. Maana yake binadamu naye alikuwa katika karantini, ila yake haikuwa na daktari wa mifugo wa kumwambia itakwisha lini. Mwaka 1937, Italia ilipokuwa imeivamia Ethiopia, maelfu ya wakimbizi wa Kiethiopia na Kieritrea waliwekwa kambini hapa Isiolo kabla ya kuhamishiwa Taveta. Watu wanapotaja kambi za wakimbizi za Kenya huanza na Dadaab na Kakuma, ambazo ni za miaka ya 1990. Sisi tulikuwa na kambi miaka zaidi ya hamsini kabla yao. Katika orodha yangu kambi hiyo haina jengo hata moja. Haina hata shimo la nguzo.

Halafu ikaja ile zamu ambayo Waborana wanaiita Gaf Daba, yaani wakati wa kusimama. (Sikulibuni neno hilo ili linifae!) Mwezi Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido karibu na Modogashe. Mtaa wa Wabera kule Nairobi umepewa jina lake, na wadi moja hapa kwetu pia. Desemba mwaka huo hali ya hatari ilitangazwa kaskazini, vita vya Shifta vikashika, na mwaka 1966 wafugaji wakaanza kukusanywa katika vijiji vya kulazimishwa. Mifugo ilikufa, ikachukuliwa, ikapigwa risasi. Mkataba wa kumaliza vita ulifikiwa Arusha Oktoba 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kuwa vitabuni hadi 1991. Watu waliokuwa na ng'ombe mia wakaingia mjini na fimbo tu. Mji ukapata wakazi wengi, lakini wateja hawakuongezeka. Ukimuuliza mzee duka fulani lilifungwa lini, mara nyingi hakupi mwaka. Anakuambia, "Gaf Daba."

Mwaka huo huo wa 1967 Bunge lilipitisha sheria ya leseni za biashara, ambayo iliwazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo maalumu ya miji mikubwa. Wahindi wengi wa miji midogo ya Kenya, ambao hawakuwa wamechukua uraia, waliuza au waliacha. Ndiyo maana katika miji mingi ya Kenya, Isiolo ikiwemo, utaona yale maduka ya mtindo mmoja: baraza mbele yenye nguzo, mabati juu, milango ya mbao inayokunjwa, ua nyuma na vyumba vya familia kuuzunguka. Nyumba za kuishi na kuuza kwa pamoja. Nani alizijenga, watoto wa siku hizi hawajui. Wanajua tu kwamba ndani kuna baridi saa nane mchana kuliko nyumba za mawe zilizojengwa juzi.

Serikali huru nayo iliendelea na ng'ombe. Idara ya kuuza mifugo, ambayo kila mtu hapa anaiita LMD mpaka leo, ilinunua ng'ombe kaskazini, ikawapitisha katika eneo lake kubwa la karantini hapa, ikawauza kwa ranchi na kwa kiwanda cha nyama cha KMC kule Athi River. Mfugaji wa Merti alikuwa na mnunuzi mmoja ambaye angalau alifika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mpango huo ulikuwa umelegea, KMC ikazama katika madeni, ikafungwa, ikafunguliwa tena 2006. LMD ikabaki jina la mahali. Nalipenda hilo: idara imekufa lakini dereva wa bodaboda ukimwambia "nipeleke LMD" hakuulizi swali la pili. Ardhi yake ndiyo swali kubwa, lakini hilo nitalirudia.

Sasa tuje kwenye mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi kazi ya lami kati ya Isiolo na Mto Merille ilipoanza mwaka 2007. Kilomita 136, wakandarasi Wachina, vumbi hata kwenye chai. Kabla ya hapo, lori la kwenda Moyale halikuondoka tu. Lilisubiri mengine yawe msafara, likasubiri askari wa kulisindikiza kwa sababu ya majambazi, likasubiri springi itengenezwe. Abiria walipanda juu ya mizigo, na lori likirudi walipanda juu ya ng'ombe, wakishikilia vyuma. Kwa hiyo upande wa kaskazini wa mji ulijaa biashara za kusubiri: vyumba vya kulala vya bei ya chini, hoteli za pilau na chapati, mafundi wa springi na wa kuziba magurudumu, wauza turubai, wauza mitungi ya maji. Pale kizuizini wachuuzi walizunguka magari ya watalii waliokuwa wakienda Samburu, wakiuza bangili za shaba na visu vyenye ala za ngozi. Gari likisimama dakika kumi, dakika kumi hizo zilikuwa soko.

Lami ilipofika Moyale yote, miaka kumi hivi baadaye, safari ya siku mbili ikawa ya siku moja. Basi linapita Isiolo, linashusha, linapakia, limeondoka. Simlaumu mtu. Mtu aliyewahi kumpeleka mgonjwa kutoka Marsabit juu ya lori hawezi kusikitikia changarawe. Na mji wenyewe haukufa, la hasha. Serikali ya kaunti iliyoanza 2013 ilileta maofisa, mashirika yakaja, kina mama wa ushirika wa Anolei wanapeleka maziwa ya ngamia Eastleigh kwa basi lile lile lisilokaa. Kilichokufa ni biashara za mtu anayengoja. Vile vyumba vya kulala vingine sasa ni vya wanafunzi, vingine stoo za saruji, na kimoja nilichoingia bado kina nambari mlangoni na ndoano za kutundikia bunduki ukutani, lakini ndani mmejaa kuku.

Kwa msomaji wa mambo ya teknolojia, sehemu inayofuata ndiyo yenye utamu. Barabara ilivyofanya kwa malori, mawasiliano yalifanya kwa maduka ya katikati ya mji.

Chukua studio ya picha. Mtaani kwetu palikuwa na moja yenye pazia lililochorwa ndege na minazi, na kila familia ina picha mbele ya ndege ile ingawa hakuna aliyeipanda. Ulipigwa picha Ijumaa, fundi akasubiri filamu ijae, ikapelekwa mji mwingine kwa basi kusafishwa, ukarudi wiki ijayo. Kusubiri tena! Kamera za dijitali zikaja, halafu simu zenye kamera, na Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012. Studio ikafungwa. Familia ya fundi ilinionyesha maboksi ya negativu yaliyobaki, kila bahasha ikiwa na tarehe kwa kalamu. Jamani, tarehe! Katika mji ambao nusu ya kumbukumbu ni "kabla ya lami", mtu aliandika tarehe kwa miaka ishirini na zaidi. Tena wateja wengi waliopenda mwanga wa jua walipigwa picha nje barazani, na nyuma yao unaona mabango ya maduka jirani. Nimeanza kuziskani kwa ruhusa ya familia. Nyuso sizitoi popote, kwa sababu si zangu. Nakata kipande cha bango tu, naandika tarehe ya bahasha, basi. Kwa njia hiyo duka moja la nguo ambalo wazee watatu walibishania limepata mwaka ambao bado lilikuwa wazi.

Au chukua ofisi za mabasi. Kabla ya M-Pesa kuanza Machi 2007, mzazi wa Isiolo aliyekuwa na mtoto shuleni Meru alituma pesa kwa hundi ya posta au alimpa dereva bahasha. Ofisi ya basi ilikuwa benki, posta na chumba cha kungojea kwa wakati mmoja. Mbele yake alikaa muuza njugu, kando yake kibanda cha simu. Shirika la posta na simu lilivunjwa vipande 1999, simu za mkononi za KenCell na Safaricom zikaanza 2000, na ndani ya miaka kumi foleni ile ya mbele ya kibanda ilikuwa hadithi.

Kuta zinasema hayo bila kuulizwa. Mnajua kampuni za simu zilivyopaka maduka rangi bila malipo mradi jina lao likae mbele. KenCell ikawa Celtel mwaka 2004, Celtel ikawa Zain 2008, Zain ikawa Airtel 2010. Laini ni ile ile, rangi zimebadilika. Halafu kulikuwa na yu, iliyoanza mwishoni mwa 2008 na kuaga katikati ya muongo uliofuata. Karibu na steji kuna ukuta unaobambuka, na ukikaribia unaona tabaka juu ya tabaka, kama historia ya Git ambayo hakuna aliyeifuta. Wiki yoyote ile mtu atakuja na ndoo ya kijani.

Saiba nazo zina kisa chake. Za kwanza zilitumia setilaiti, dakika moja ilikuwa pesa, na ukurasa mmoja ulifunguka kwa dakika tatu. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa 2009, bei ikashuka, na ungedhani hapo ndipo saiba zingetajirika. Kumbe hapo ndipo simu ya mkononi ilipata nguvu za kuziua. Zilizofungwa zikafungwa. Lakini zilizobaki zimebaki kwa sababu ya serikali: ritani za ushuru, vyeti, pasipoti, mikopo ya wanafunzi, vyote vilihamia mtandaoni katikati ya miaka ya 2010, na mtu wa Bula Pesa asiyejua pa kubonyeza huenda kwa anayejua. Kusubiri kumerudi kwa mlango wa nyuma. Ndiyo biashara pekee ya zamani katika orodha yangu iliyofufuka bila kubadilisha bango.

Haya, msimbo niliowaahidi.

Nilianza kwa kufikiria nitaweka kila kitu OpenStreetMap. Ramani ile naipenda, lakini kanuni yake ni kuchora kilichopo sasa ardhini. Duka lililofungwa unaweza kuliwekea kiambishi cha disused, lakini biashara tano zilizopita katika chumba kimoja tangu 1950 hazina mahali hapo. OpenHistoricalMap ndiyo inayokubali vitu vilivyokwisha, mradi uvipe mwanzo na mwisho. Basi nimetenganisha jengo na biashara katika hifadhidata, na katikati kuna jedwali la ukaaji. Tarehe ndizo zilizonitoa jasho, kwa sababu mzee hasemi 14 Machi 1971. Nimetumia EDTF, mtindo wa kuandika tarehe zisizo kamili ulioingizwa katika kiwango cha ISO 8601-2 mwaka 2019. Tazama jengo moja:

17 | duka la nguo | /1967~
17 | ofisi ya mabasi na vifurushi | 197X/2008~
17 | duka la simu | 2009/2015
17 | M-Pesa na vipuri vya bodaboda | 2016/..

Alama ya wimbi ina maana ya "karibu na". X ni tarakimu isiyojulikana. Mkwaju ambao hauna kitu mbele yake unasema mwanzo haujulikani, na nukta mbili mwishoni zinasema bado inaendelea. Kwa hiyo "Gaf Daba" naiandika 1963/1967 na hakuna aliyelazimishwa kutaja mwaka asioukumbuka. Programu nyingi zingemlazimisha mzee kuchagua siku katika kalenda. Huo ni uongo uliovaa suti.

Mtaniuliza, haya yote ya nini? Jibu liko kwenye ardhi. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu Machi 2012, na Isiolo iko katikati ya michoro yake: barabara, reli, bomba, uwanja wa ndege, mji wa kitalii. Bei ya viwanja ikapanda. Sasa, hapa kwetu familia nyingi hazina hati. Zina barua ya kugawiwa kiwanja, pengine risiti za kodi ya baraza, pengine ahadi ya mdomo. Eneo la LMD lilipokuwa karantini lilikuwa wazi; leo kuna kambi za jeshi, kuna makazi, kuna watu wanaosema walikuwa hapo kabla ya wote. Fidia ikija, au buldoza likija bila fidia, swali linakuwa moja: ulikuwa hapa tangu lini, na nani alikuona? Mzee mmoja jirani yetu amehifadhi leseni ya duka la babake ya mwaka 1974 ndani ya bati la biskuti, yenye nambari ya kiwanja. Duka lilifungwa zamani, chumba amepangisha kinyozi. Lakini karatasi ile ya biashara iliyokufa ndiyo hati yake. Nimeipiga picha, nimeiweka nakala sehemu tatu, na nimemwambia asimpe mtu yeyote ile ya asili, hata mimi.

Ndiyo maana ninaharakisha. Jengo likibomolewa, picha za setilaiti zitaonyesha kwamba paa lilikuwepo. Google Earth inaruhusu kurudi nyuma kwa miaka tangu 2009. Lakini paa halisemi aliyekaa chini yake alikuwa nani, wala alilipa kodi kwa nani.

Kufikia sasa nina majengo 41 na ukaaji 96, mengi yakiwa na X au wimbi. Safu ya maduka ya baraza nyuma ya soko bado sijaigusa, na mafundi wameshaanza kuweka mbao za kujengea ghorofa pale pembeni. Jumamosi hii naanzia hapo, saa moja asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na futi kamba na daftari.